Gazeti Dogo na Kisu cha Mfalme

Mazungumzo ya redio



Mpendwa msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya yakiwa yamechapwa, karibu. Vuta kiti. Kama sufuria ingali motoni, punguza moto kidogo, kwa maana leo nataka kukupeleka mbali, kisha nikurudishe hapa hapa Nakuru.

Tuanze na mfalme mmoja aliyekuwa akiota moto. Habari zake zimo katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 36. Ilikuwa majira ya baridi, na Yehoyakimu, mfalme wa Yuda, alikuwa ameketi nyumbani mwake mbele ya makaa. Ninyi wa Molo, Elburgon na Mau Narok hamna haja ya kuelezwa raha ya makaa siku ya baridi. Basi likaletwa gombo lenye maneno ambayo Yeremia aliyatamka, na karani wake Baruku akayaandika kwa wino. Mtu mmoja akaanza kulisoma mbele ya mfalme. Kila alipomaliza safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni. Wakubwa watatu walimsihi asifanye hivyo, lakini hakuwasikia. Alikata na kuchoma mpaka gombo lote likaisha.

Nilipokuwa kijana niliisoma habari hii nikamcheka mfalme. Alidhani karatasi ikiungua, basi na habari imekwisha! Siku hizi simcheki tena. Nimeona kwamba wafalme wa namna hiyo hawakwisha duniani, na visu vyao ni vya aina nyingi. Leo tuviangalie visu vinne. Vitatu viko mikononi mwa watawala. Cha nne, nitakuambia mwishoni kiko kwa nani.

Kisu cha kwanza ni kile cha kukata maneno.

Twende Poland, nchi alikozaliwa Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, yule ambaye wazee wetu wengi walimwona Nairobi mwaka 1980, na tena mwaka 1985 alipokuja kwa Kongamano la Ekaristi la Kimataifa. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, Poland iliangukia chini ya utawala wa Kikomunisti. Mwaka huo huo, katika mji wa Kraków, Wakatoliki walianza gazeti la kila juma. Jina lake ni Tygodnik Powszechny, maana yake Gazeti la Juma la Watu Wote. Mhariri wake alikuwa mlei, Jerzy Turowicz. Mwaka 1949 padre kijana aitwaye Karol Wojtyła alichapa makala yake ya kwanza humo. Padre huyo ndiye aliyekuja kuwa Papa.

Labda utauliza: Wakomunisti waliliruhusuje gazeti la Kanisa? Jibu ni kwamba watu wa Poland karibu wote walikuwa Wakatoliki, na serikali haikuweza kulifunga Kanisa zima kwa siku moja. Kwa hiyo ilikwenda polepole. Karatasi ya kuchapia ilikuwa mkononi mwa serikali. Ikitaka gazeti lisiwafikie wengi, inapunguza karatasi. Tena kila makala ilipelekwa kwanza katika ofisi ya wakaguzi. Mkaguzi akikata sentensi, imekatwa. Kwa miaka mingi mhariri hakuruhusiwa hata kuonyesha kwamba kitu kimeondolewa. Alitakiwa kuunganisha vipande, ili msomaji adhani maneno yalitoka hivyo kwa mwandishi. Ni kama fundi wa cherehani anayeambiwa akate kipande katikati ya shati, kisha ashone vizuri, mwenye shati asijue.

Mwaka 1981, baada ya wafanyakazi wa Poland kuungana katika chama chao cha Solidarność na kuitikisa serikali, sheria mpya iliwaruhusu wahariri kuonyesha mahali palipokatwa. Basi katika kurasa za gazeti lile yakaanza kuonekana mabano yenye vistari ndani yake, pamoja na kutajwa kwa sheria ile. Msomaji alipofika hapo alisimama. Alijua kwamba palikuwa na neno, na kuna mtu aliyeliogopa. Nasikia wengine wakisema kwamba ukurasa wa namna hiyo umeharibika. Mimi nadhani ulikuwa ukurasa mnyofu. Haukusema yote, lakini haukumdanganya mtu kwamba umesema yote.

Kisu cha pili ni kuteka jina.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 5 Machi 1953, Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, alifariki. Magazeti ya Poland yalitakiwa kuomboleza na kumsifu. Wahariri wa lile gazeti la Kraków walikataa kuchapa tanzia yake. Hawakumtukana marehemu. Walikataa tu kumsifu mtu ambaye chini ya utawala wake watu kwa mamilioni walikufa. Kwa kosa hilo gazeti likafungwa.

Lakini sikiliza kilichofuata. Baada ya miezi michache gazeti likaanza kutoka tena, na jina lile lile, na sura ile ile. Kumbe waandishi ni wengine! Serikali ilikuwa imelitia mikononi mwa PAX, chama cha Wakatoliki waliokubali kushirikiana nayo. Hali ikawa hivyo mpaka mwisho wa mwaka 1956, siasa ya nchi ilipolegea kidogo, ndipo wenyewe wakarudishiwa gazeti lao.

Hapa pana fundisho ambalo ningependa ulishike. Kwa nini serikali haikuliua gazeti lile, likazikwa moja kwa moja? Kwa sababu haikutafuta ukimya peke yake. Ilitafuta sauti ambayo watu wameizoea na kuiamini, ili sauti hiyo iseme maneno ya serikali. Kanisa likinyamaza, mtawala mwovu hupata faida. Uongo ukisemwa kwa sauti ya Kanisa, faida yake huwa maradufu.

Wala usidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya tu. Hapa jirani, mjini Addis Ababa, kulikuwa na redio kubwa ya Kikristo iitwayo Radio Voice of the Gospel, iliyoanzishwa na ndugu zetu Walutheri mwaka 1963. Ilisikika katika nchi nyingi na kwa lugha nyingi. Vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, Tanzania, katika studio ya Sauti ya Injili. Mwaka 1974 wanajeshi walimwondoa Mfalme Haile Selassie, kisha wakashika siasa ya Kikomunisti. Tarehe 12 Machi 1977 wakaitwaa redio ile. Mitambo ile ile iliyokuwa ikitangaza Injili ikaanza kutangaza mapinduzi, na jina likabadilishwa lifanane na kazi mpya.

Kisu cha tatu ni kupiga marufuku kabisa.

Lithuania ni nchi ndogo yenye Wakatoliki wengi, nayo ilikuwa imemezwa na Urusi ya Kisovieti. Huko mkaguzi hakuwa na gazeti la Kikatoliki la kukata, kwa kuwa Kanisa halikuruhusiwa kuwa nalo. Basi tarehe 19 Machi 1972, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, mapadre wachache wakaanza kutoa jarida kwa siri, wakaliita Habari za Kanisa Katoliki la Lithuania. Halikuwa na kiwanda cha chapa. Lilipigwa kwa taipu, karatasi nyepesi juu ya karatasi nyepesi, kaboni katikati. Aliyepokea nakala aliweza kuipiga tena na kumpa mwenzake. Nakala nyingine zilivushwa mpaka kwa siri, zikafika Ulaya Magharibi, na Redio Vatikano ikazisoma. Kwa njia hiyo mtu wa Lithuania aliweza kusikia kutoka Roma habari za kijiji cha jirani yake.

Na waliandika nini humo? Si matusi, wala si hotuba kali. Waliandika kwamba padre fulani, wa parokia fulani, ameadhibiwa kwa kuwafundisha watoto katekisimu. Waliandika kwamba mtoto fulani ameaibishwa shuleni kwa sababu alikwenda Misa. Jina, mahali, siku. Kwa ajili ya maneno kama hayo dada mmoja mtawa, Nijolė Sadūnaitė, alikamatwa mwaka 1974 akiwa anapiga taipu toleo la 11. Alihukumiwa miaka 3 ya kambi ya kazi na miaka 3 ya uhamisho. Mhariri mwenyewe, Padre Sigitas Tamkevičius, alikamatwa mwaka 1983. Lakini wengine wakaichukua kazi. Jarida lilitoka mara 81 mpaka mwaka 1989, ndipo hapakuwa tena na haja ya kujificha. Padre yule aliyefungwa aliishi akawa Askofu Mkuu, na mwaka 2019 Kardinali.

Sasa, ndugu, nakurudisha nyumbani kama nilivyoahidi.

Kenya haikuwa nchi ya Kikomunisti hata siku moja. Viongozi wetu waliulaani Ukomunisti majukwaani, na makanisa yalijaa kila Jumapili bila mtu kutuzuia. Lazima tuseme hivyo kwa haki, tusiifananishe hali yetu na ya Lithuania. Lakini kisu hakiulizi siasa ya mwenye kukishika. Mwaka 1982 Katiba yetu ilibadilishwa, ikasema kwamba chama kitakuwa kimoja tu, KANU. Kisha ukaja uchaguzi wa mlolongo.

Kwa vijana wasioujua, nieleze. Badala ya kupiga kura ya siri, wanachama walijipanga mstari nyuma ya mgombea, au wakala wake, au picha yake, wakahesabiwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya watu waliopanga mstari alihesabiwa kuwa ameshinda moja kwa moja, bila kungoja kura ya siri. Viongozi wa makanisa waliupinga utaratibu huo mapema. Mfanyakazi atapangaje mstari mbele ya macho ya tajiri wake? Mchungaji atasimamaje nyuma ya Mkristo mmoja dhidi ya mwingine, kisha Jumapili awahudumie wote wawili? Hata hivyo, Februari 1988 watu walipanga mistari, na mahali pengi walisema wameona kwa macho yao mstari mfupi ukitangazwa kuwa ndio mrefu.

Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, ambalo ni la ndugu zetu Waprotestanti, lilikuwa na jarida liitwalo Beyond, na mhariri wake alikuwa Bedan Mbugua. Jarida hilo likaandika wazi wazi juu ya wizi wa kura katika uchaguzi wa 1988. Mwezi Machi mwaka huo huo serikali ikalipiga marufuku. Marufuku hiyo ilihusu matoleo yajayo na hata yale yaliyokwisha kutoka. Hebu fikiria mama wa Njoro aliyenunua nakala kwa shilingi zake, akaiweka kabatini pamoja na kitabu cha nyimbo. Alilala usiku akiwa mnunuzi wa gazeti la Kanisa, akaamka akiwa na kitu cha kumpeleka mahakamani.

Mhariri naye alishtakiwa. Hakushtakiwa kwa kusema uongo, maana hapo ingebidi mahakama ichunguze mistari ile ilikuwa na urefu gani. Alishtakiwa kwa kutopeleka serikalini taarifa za mauzo zinazotakiwa kisheria, akahukumiwa kifungo cha miezi 9. Angalia ujanja wa kisu hiki: neno linaogopwa, lakini linalotajwa kortini ni makaratasi. Mwaka 1994, akiwa mhariri wa gazeti jingine, Bwana Mbugua alifungwa tena, safari hiyo kwa shtaka la kudharau mahakama. Na mlolongo wenyewe ukaendaje? Mwishoni mwa mwaka 1990 chama chenyewe kiliuacha. Desemba 1991 sheria ya chama kimoja ikafutwa. Aliyeandika kwamba mstari ule si wa haki hakuwa ameota.

Halafu zikaja siku ambazo sisi wa Bonde la Ufa hatuwezi kuzisahau. Mwishoni mwa 1991 mapigano ya kikabila yalianza upande wa Nandi, yakaenea mpaka Molo, Olenguruone na Burnt Forest. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, wengine wakalala makanisani. Askofu wetu wa Nakuru wakati huo alikuwa Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeliongoza jimbo hili tangu 1971 hadi 1996. Hakunyamaza. Mwaka 1992 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitoa barua ya kichungaji, wakavilaumu vikosi vya usalama kwa kutowatendea wananchi wote kwa haki. Barua ya kichungaji haihitaji kibali cha gazeti. Husomwa mimbarini, na asiyejua kusoma huisikia sawasawa na aliyesoma. Ukifunga gazeti, mimbari ipo.

Msikilizaji mpendwa, nilisema visu ni vinne. Cha nne ni hiki: kisu ambacho mwamini mwenyewe anakishika.

Siku hizi Kenya hakuna ofisi ya kukagua mazungumzo yangu kabla sijayasoma, nami namshukuru Mungu. Lakini kila mmoja wetu amekuwa mhariri. Ana simu mfukoni, na kwa kidole kimoja anawapelekea watu mia habari ambayo hakuichunguza. Hakuna serikali iliyomlazimisha. Hapo ndipo moyo wangu unapouma, nami nitakuambia kwa nini.

Januari 2008, baada ya ule uchaguzi, Nakuru iliwaka. Watu walijaa katika uwanja wa maonyesho wa hapa mjini wakiwa na magodoro na watoto. Nchini kote walikufa zaidi ya watu 1,100. Jioni moja nilipata ujumbe kwenye simu kwamba lori la vijana wenye silaha limeonekana njia panda, linakuja mtaani kwetu. Sikumuuliza aliyenitumia amelionaje. Nilivuka ua nikamwambia jirani yangu, ambaye si wa kabila langu, kwamba ni heri aondoke. Nilidhani ninamwokoa. Akaondoka usiku na mkewe na watoto, mmoja akiwa mgonjwa. Lori halikuja. Halikuwapo. Nyumba aliyoiacha ilivunjwa kabla ya mapambazuko, na waliovunja ni watu wa mtaa, waliojua kwamba haina mtu.

Jirani yule hakurudi. Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, tukasalimiana kwa heshima. Sikupata nguvu ya kumwambia kwamba sikuwa nimeliona lori lile. Alinisadiki kwa sababu alinijua kuwa mtu wa Kanisa, anayesoma somo la kwanza Jumapili. Unaona? Niliuchukua uongo wa mtu nisiyemjua, nikauvika sauti ya Kanisa. Kazi ambayo wakubwa wa Poland waliwapa PAX, mimi niliifanya bure.

Basi tufanyeje? Nina mambo matatu, na yote nimejifunza kwa hao niliowataja.

La kwanza, kabla ya kupeleka habari, uliza kama wale mapadre wa Lithuania: Nani? Wapi? Lini? Nani aliyeona? Kama huna jibu, acha ifie mkononi mwako.

La pili, kama huwezi kusema yote, usijifanye umesema yote. Kuna siku ambapo hekima inatudai kunyamaza. Mabano yale ya Kraków yanatufundisha kunyamaza bila kudanganya.

La tatu, ukitakiwa kusifu lisilosifika, au kulaani kabila la mwenzako ili uonekane u pamoja na watu wako, una ruhusa ya kukataa. Huhitaji kupiga kelele. Wahariri wale hawakupiga kelele. Walikataa kuchapa, basi.

Na sasa tumrudie yule mfalme. Gombo lilipokwisha kuungua, je, habari ilikwisha? Hapana. Yeremia alitwaa gombo jingine akampa Baruku. Akatamka tena, Baruku akaandika tena, maneno yote yaliyochomwa, na mengine mengi yakaongezwa. Hatuambiwi kwamba Baruku alifanya muujiza wowote. Alikuwa karani, akatafuta wino, akakaa chini, akaanza upya tangu mstari wa kwanza.

Nami juma hili nimepata namba ya simu ya jirani yangu wa zamani. Nitampigia. Nitaanza na habari ya lori.

Tuombe. Ee Mungu wa kweli, uliyewapa wengine ujasiri wa kuandika walipokatazwa, utupe sisi tulio huru ujasiri wa kuchunguza kabla ya kusema. Uwakumbuke wote walioumizwa kwa maneno yetu, na uturuhusu kuandika upya palipoungua. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.